Jumbe Tuliyempa Mdachi

Kaeni karibu, wanangu, tena karibu zaidi, maana pumzi zangu zimebaki chache na sitaki kuzimaliza kwa kupaza sauti. Namnyaki, futa machozi, bado sijafa. Parsimei, wewe ndiye mkubwa wao, mbona unasimama mlangoni kama mgeni? Haya, simama hukohuko, mradi unasikia.

Mlikuwa wadogo, hamjui tulivyoishi kabla ya hii kofia ya ujumbe. Hapa hapakuwa na mtu wa kumwamrisha mwenzake. Mfereji huu unaotoka mto Themi na kupita migombani kwetu haukuwa wa mtu. Ukinywa maji yake ulijua siku ya kuuzibua na wewe umo, uwe na ng'ombe mia au mbuzi mmoja. Jambo likizuka tulikaa nyasini rika zima, tukasema mpaka tukachoka, na mmoja akikataa hatukumshinda kwa wingi wetu. Tulirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka yeye atukubali au sisi tumkubali. Ilichosha, sikatai, na mimi mara nyingi nilisinzia. Lakini hakuna aliyerudi kwake akiwa amedharauliwa.

Kisha Mdachi akajenga boma lake la mawe, akatuma askari watuulize jumbe wetu ni nani. Tukasema hatuna. Watatu wa kwanza kusema hivyo walipigwa viboko. Tukakaa siku nne tukijadili, na hapo ndipo tulipojiona wajanja kupita kiasi: tukaamua tumpe mtu asiye na kitu, ambaye hakuna atakayemsikiliza, ili Mdachi apate jumbe wake na sisi tubaki na maisha yetu. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na mbuzi wawili na mguu mbovu. Mjomba wenu Lesikar, kaka wa mama yenu, aliyelijua kila jiwe la ule mfereji, ndiye aliyenivika kofia huku watu wakivunjika mbavu kwa kucheka, na mimi nikicheka pamoja nao. Sijawahi kupendwa kama siku ile.

Kule bomani nilimkuta seremala wa Kidachi ambaye wenzake hawakutaka kula naye. Nikamsimulia habari ya mfereji kwa Kiswahili changu kibovu. Akauliza nani anaamuru, nikasema hakuna, akauliza tena na tena, halafu akaweka randa chini. Akanieleza kwamba kwao wako watu wanaotaka kuishi bila mfalme wala askari, ardhi na viwanda vikiwa vya wote wanaovifanyia kazi, na yeye ni mmoja wao. "Kwetu watu wanafungwa kwa kutaka hicho mlicho nacho," alisema. "Rudisha kofia leo, ndugu. Kesho utakuwa umeizoea." Nilidhani amechanganyikiwa. Mwezi haukuisha wakamrudisha pwani.

Nami nikaizoea, wanangu. Nilipewa ng'ombe, nikapata na shamba la juu. Mwaka wa tatu boma likataka watu arobaini wa kubeba mawe ya barabara. Mkutano ukakataa kwa kauli moja, wakanituma nikawaambie hapana. Bwana mkubwa akasema nitaje majina, la sivyo nilazwe chini nipigwe ishirini na tano. Ishirini na tano tu! Watu wamepigwa zaidi ya hapo na wakaishi. Nikataja. Na wa kwanza kumtaja alikuwa Lesikar, kwa sababu wiki ile alinicheka mbele za watu kwa kuivaa kofia hata shambani. Jiwe lilimwangukia bondeni, akaletwa amefunikwa ngozi. Tangu siku ile mama yenu Nashipae hajanisemesha. Ananipa uji, anageuka. Yumo humu ndani sasa hivi, anasikia, na hatasema kitu, na ana haki.

Lakini lililonivunja kabisa lilikuja baadaye. Mvua ilibomoa mfereji kule unapoanzia. Nikategemea kusikia majembe, maana zamani hakuna aliyengoja kuitwa. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Siku ya tatu wakaja watu wa rika langu mwenyewe, walewale wa kicheko, wakasimama uani kwangu, wakainamisha vichwa niwaguse kama watoto wanavyosalimia wazee. "Jumbe," wakasema, "unaamuru nani akachimbe?" Niliingia ndani nikalia. Halafu nikatoka, nikaamuru.

Basi shikeni haya. Ng'ombe wote waliotoka bomani wapelekeni kwa watoto wa Lesikar, msibakize hata ndama. Shamba la juu lirudi kwa wote. Mbuzi ni wa mama yenu. Nikishazikwa Mdachi atataka jumbe mpya. Nendeni wote, wanawake kwa wanaume, mkamwambie hatuna. Mtapigwa, siwadanganyi. Pigweni, wanangu, lakini msimpe mtu, hata mjinga, hata kwa mzaha.

Parsimei. Najua ulikwenda bomani juzi. Askari ndiye aliyeniambia, akanipongeza, masikini, akidhani nitafurahi. Sikulaumu, mimi ndiye niliyekulea ukiiona kofia hii kila asubuhi. Lakini hawakuvishi mpaka nizikwe, kwa hiyo bado unaweza kukataa. Kataa hapa, mbele ya ndugu zako. Neno moja tu... Husemi? Basi usiseme. Njoo tu.

Sogeeni niwabariki. Engai, Mungu wetu, awape mvua. Awape maziwa... awape watu wa kuwabishia, msiwachoke. Namnyaki, mkono huu uko kichwani pako, huu mwingine nimemwinulia kaka yako. Anakuja? Macho yangu hayaoni mlango. Mkono umekuwa mzito, unashuka wenyewe... Nashipae, mama Parsimei, usiniambie neno, sikuombi neno. Nishikie tu huu mkono, usianguke kabla mtoto hajafika.