Sigbjørn Myklevoll na Gurudumu la Farao

Marehemu Sigbjørn Myklevoll, baba yangu mkubwa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 hapa kijijini Storevik, mtoto wa kwanza wa Anders na Gudrun Myklevoll. Baba yangu, Torleiv, alimfuata miaka mitatu baadaye, na tangu hapo wawili hao hawakuachana ila kwa lazima. Utotoni waliamua kupima safina ya Nuhu kwenye shamba la majani la babu, kwa dhiraa, kama ilivyoandikwa. Ugomvi ukazuka: dhiraa ya mkono wa nani? Kwa mkono wa Torleiv safina iliishia uani. Kwa mkono wa Sigbjørn iliingia hadi kwenye viazi vya jirani. Marehemu alishikilia kwamba mkono wake ndio sahihi, na jirani akashikilia kwamba viazi vyake vimekanyagwa. Babu aliwachapa wote wawili.

Alisoma shule ya kijiji, kisha chuo cha ufundi mjini Ålesund, alikohitimu mwaka 1969 akiwa fundi bomba wa meli. Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye karakana ya meli ng'ambo ya maji, akafanya kazi huko mpaka alipostaafu mwaka 2016. Kazi yake ilikuwa mabomba na vali, vile vifungio vya kuruhusu au kuzuia maji bombani. Wenzake walisema angeweza kukutajia aina ya vali kwa kuipapasa gizani, nanyi mtaona kwa nini nimelitaja hilo.

Tarehe 10 Juni 1978 alifunga ndoa na Jorunn, mwalimu wa shule ya Jumapili. Hawakujaliwa watoto. Jorunn alijua anaolewa na mtu wa namna gani: fungate walikwenda kuutafuta mlima Sinai, na kwa maneno yake mwenyewe, waliupata mara mbili, milima miwili tofauti.

Chanzo cha yote mnakiona hapa nyuma yangu, ukutani. Ramani hii ya safari ya wana wa Israeli ilitundikwa humu nyumba ya sala kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ina mistari mitatu ya nukta inayovuka bahari, kwa kuwa wataalamu hawakukubaliana walivukia wapi. Mistari hiyo ilimkera marehemu tangu akiwa mtoto. "Bahari haikupasuka mara tatu," alikuwa akisema. Mwaka 1979 yeye, baba yangu na wenzao wawili wa hapa walianza kutumia likizo zao kupiga mbizi katika Ghuba ya Akaba, wakitafuta mabaki ya jeshi la Farao. Hakuna aliyekuwa msomi kati yao. Walikuwa na mitungi ya hewa, mkate mkavu wa Jorunn, jibini ya kahawia, na imani.

Tarehe 14 Oktoba 1988 baba aliibuka kutoka kilindini akitetemeka kwa furaha. Aliona gurudumu limesimama mchangani, matumbawe yamelikamata, na alikuwa amelipiga picha.

"Lina spoki ngapi?" marehemu alimuuliza.

"Nne. Au sita. Limefunikwa, bwana."

"Nne au sita, Torleiv? Nyumba ya sala wataniuliza swali hilohilo."

"Basi uwaambie tano."

Idadi ya spoki, waliamini, ingewaonyesha ni Farao yupi aliyezama. Baba akacheka, akabadilisha mtungi, akashuka tena kwenda kuhesabu. Marehemu alimsubiri chini ya maji, nusu ya kina, ameshika kamba ya mashua. Walikuwa na ishara yao: unagonga mtungi mara mbili kwa mpini wa kisu, maana yake "upo?" Anayesikia hujibu mara mbili, "nipo." Marehemu alisikia hodi hiyo, akajibu. Akaisikia tena, mbali zaidi, akajibu. Mkondo wa maji ulikuwa umemchukua baba. Mwili wake haukupatikana. Nilikuwa na miaka sita.

Picha ilipatikana, kwa sababu kamera ilibaki kwenye mashua. Marehemu aliizungusha nyumba zote za sala za pwani hii, nanyi mnaikumbuka vizuri, ikimulikwa ukutani, taa zikizimwa na kahawa ikinukia jikoni. Watu walilia. Mama yangu, Borghild, hakwenda hata mara moja, lakini aliitundika picha hiyo juu ya kinanda chetu. Hakuwa na kaburi la kwenda. Kule makaburini lipo jiwe tu, lenye jina la baba, na mbele yake ardhi ambayo haijachimbwa. Picha ndiyo iliyomwambia kwamba mumewe hakufa bure, kwamba aliligusa Neno kwa mkono wake.

Kila Jumamosi marehemu alikuja kwetu kula uji wa mchele. Hakukaa hata siku moja kwenye kiti cha baba. Nilimpenda. Nilimwogopa pia, kwa sababu alizoea kuacha kijiko hewani na kusikiliza kitu ambacho mimi na mama hatukukisikia.

Mwaka 1997 iliingia karakanani meli kuukuu ya kuvunjwa. Alipokuwa chini kwenye chumba cha mashine alifungua gurudumu la vali, lile la kuizungushia kwa mkono, ili alitoe, na katikati yake akaona tundu la mraba. Magurudumu yote ya vali za meli yana tundu kama hilo, ili yasiteleze kwenye shina la vali. Gurudumu la gari la farasi halina, litazungukaje? Na gurudumu la kwenye picha lilikuwa na tundu la mraba, katikati kabisa, mbele ya macho yake na yetu sote kwa miaka tisa. Fundi vali hakuiona vali, kwa kuwa alimtaka Farao. Baada ya siku ile hakuonyesha tena picha. Alisema macho yanamsumbua.

Hakumwambia mtu. Lakini karakanani walianza kumwona akisimama ndani ya meli tupu, mkono juu ya bomba, akigonga na kungoja.

"Farao anabisha hodi huko, Sigbjørn?" walimtania.

"Si Farao," alijibu, na kuendelea na kazi.

Aliugua mapafu kuanzia mwaka 2021. Mwishoni mwa Februari mwaka huu, akiwa makao ya wazee, alimwita mama kwa ombi moja: azikwe pale mbele ya jiwe la baba. Kabla mama hajajibu, alitoa lile gurudumu la vali chini ya blanketi, akaliweka mapajani mwa mama, akaeleza yote. Nilikuwepo. Mama aliingiza kidole kwenye lile tundu la mraba, akakizungusha humo muda mrefu.

"Miaka yote hii nafuta vumbi kwenye picha ya vali," alisema.

"Nimejua tangu tisini na saba, shemeji."

"Na ukaja kula uji wangu."

"Ulikuwa ukiitazama kila unapopita. Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia ni vali."

Kwa pete yake marehemu aligonga chuma cha kitanda mara mbili, akamtazama mama. Mama alivaa koti, akaondoka. Sitawaficha kwamba nami niliondoka. Alifariki wiki hiyohiyo, asubuhi ya tarehe 2 Machi 2023, Jorunn akiwa amemshika mkono.

Jioni mama alinipigia simu. "Alale pale," alisema. "Lakini yasemwe yote, na yasemwe mbele ya ile ramani." Ndiyo maana nimeyasoma. Picha imeshushwa kutoka juu ya kinanda.

Marehemu ameacha mjane, Jorunn, shemeji, Borghild, nami Solrun, binti wa nduguye, pamoja na wanangu wawili. Torleiv alitangulia.

Hili la mwisho halimo kwenye kijitabu cha mazishi mlichoshika. Leo asubuhi, jeneza lilipokwisha kufungwa, mama alivua glavu yake ya kulia na kugonga kifuniko mara mbili.

Apumzike kwa amani baba mkubwa, sasa kwa kuwa amejibiwa.