Maombi ya Nafasi ya Baba wa Bibi Harusi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wafanyabiashara wa Springfield hapa Marekani, Mchungaji Mutai, Mzee Navin Solanki tunayemuaga leo, binti yake Dada Hetal, meneja wetu mpya, wateja wetu na ndugu wageni waalikwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Elkanah, karani wa ofisi hii ya kusafirisha mizigo. Nimeagizwa nizungumze juu ya Mzee na binti yake, wala sikuelezwa kati yao nimwogope nani zaidi.

Sote tunajua kwamba Dada Hetal anaolewa Jumamosi na Bwana Haile, na kwamba Mzee amekataa kuhudhuria. Je, ni kwa sababu Haile ni Mhabeshi? La hasha. Mzee aliniambia, "Karani, zamani kule Kisumu baba alichagua, binti alilia, mambo yakaisha. Mimi ni baba wa kisasa. Nataka utaratibu." Akaniamuru nichape tangazo la nafasi ya mume.

Ndugu wageni, wachumba saba walifanyiwa usaili ghalani, wameketi juu ya mapipa ya mizigo ya kwenda Mombasa. Mzee alikuwa mwenyekiti, Dada Hetal mjumbe, mimi katibu. Daktari wa meno kutoka New Jersey alipoulizwa kama anajua kupika, alijibu kwamba mama yake anajua. "Basi tutamwoa mama," akasema Mzee, akamfuta kwenye orodha. Haile, ambaye Dada alikuwa amekwisha kumchagua mwenyewe, aliingia akiwa amechelewa. Mzee akampa alama tisini na moja. Dada Hetal akampa sitini na nne.

"Amechelewa, Papa. Sheria ni sheria."

"Unamwonea kijana wangu! Sitakanyaga harusi ya mtu aliyedhulumiwa alama!"

Tangu siku hiyo, miezi mitatu sasa, hawasemezani. Wanaandikiana barua rasmi, nami nazipeleka toka meza moja hadi nyingine: hatua nne kwenda, hatua nne kurudi.

Lakini nani alimfundisha binti huyu kurudisha pipa zima kwa kukosa saini moja? Na binti alipokuwa akisoma chuo kikuu kule College Park, nani alimpelekea chapati kila Ijumaa, akaziacha kwa mlinzi, akaondoka bila kupanda ghorofani, kwa kuwa aliahidi hatamchunguza? Baba wa zamani wa Kisumu wangepanda.

Leo asubuhi Mzee alinichapisha barua ya mwisho. Anasema kwa kuwa anastaafu, hana tena mamlaka juu ya alama, na kwa unyenyekevu anaomba nafasi ya baba wa bibi harusi. Yuko tayari kwa usaili.

Dada Hetal ameniamuru nisome majibu mbele yenu. Nayasoma kama yalivyo.

"Ombi lako limerudishwa. Nafasi hiyo haijawahi kuwa wazi, Papa. Ni yako."

Mzee, naona unapapasa mfuko kutafuta kalamu. Tafadhali, mzee wangu, leo sitapeleka barua. Binti yako ameketi ubavuni mwako. Mgeukie tu.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Asanteni sana.