Bwana Alinisemea kwa Kinywa cha Mama Mkwe

Sabato njema, wapendwa! Mungu wetu husikia, jamani, hata tukikosea maneno!

Mnanijua. Mimi ni yule mchuma chai wa kule juu ya Nyaramba, mbishi kidogo. Mwaka ule mvua ilikataa, na chemchemi iliyo chini ya boma letu ikakauka. Tulikuwa tumeizungushia mikaratusi kwa tamaa ya mbao, nayo ikanywa maji yote. Nikawa nateremka mpaka mtoni mara mbili kwa siku na mimba ya miezi minane, nikapanda mlima na mtungi kichwani, juani. Maji yakifika nyumbani, wanywe watoto na ng'ombe kwanza. Mimi nilijinyima.

Ndugu zangu, miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa! Kichwa kiligonga siku nne, nikaona nyota mchana. Mume wangu sikumwambia, nisije nikaitwa mvivu. Mama mkwe ndiye aliyenikuta nimeshika ukuta wa jikoni, akaninyang'anya mtungi. Njiani kwenda zahanati nilimweleza yote, mume wangu akiwa ametangulia kushika foleni.

Muuguzi alikuwa dada mpole kutoka kaunti za kando ya ziwa, asiyejua Kikisii. Alituingiza mimi na mume wangu, mama mkwe akabaki nje. Akaniuliza kichwa kilianza lini. Ulimi ulikuwa mzito, Kiswahili kimenitoroka. Nikajibu, "Uliza baba."

Sasa ninyi mnajua kwa Kikisii chetu baba ni mama, hata mama mkwe! Muuguzi akamgeukia mume wangu. Naye, kwa moyo safi kabisa, akasema ni uchovu wa leo tu. Dada akachukua tembe za kutuliza maumivu anipe nirudi nyumbani. Nikalia, "Baba! Baba!" Akamwambia mume wangu asogee anishike mkono!

Bwana asifiwe, mlango ulifunguka. Mama mkwe, aliyesikia kilio changu, aliingia kitambaa cha kichwa kikiwa upande.

"Baba ni mimi!" akasema. "Huyu kichwa inamuuma siku nne, macho haioni vizuri, na maji hakunywi!"

Dada alikimbilia mashine ya presha. Ilikuwa imepanda vibaya. Gari likaitwa, nikapelekwa hospitali kubwa, nikapasuliwa, na binti yangu akalia. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungekufa sote wawili. Akasema lile jua, ile mizigo na kukosa maji vilizidi kunimaliza.

Ile mikaratusi aliipanda mama mkwe mwenyewe, na ni yeye aliyeamuru ikatwe. Chemchemi sasa inatoa kidogo kidogo, lakini inatoa. Nampenda huyu mama! Ameketi pale kiti cha tatu, anajifanya anatafuta wimbo.

Dada yangu mjamzito, ukipanda mlima na maji na kichwa kinagonga, acha ushujaa. Mtumaini Bwana, kisha sema leo leo. Mimi nilinyamaza siku nne, na kwa huruma yake tu akanipa mtu wa kupaza sauti.