Kisanduku Kilichojifunza Kupiga Hodi

Assalaam aleikum, na wale wenzangu wa Bwana asifiwe nao nawaamkua. Mwenyekiti amenipa dakika chache, na mdomo wangu mnaujua, kwa hivyo nitakwenda mbio.

Mimi ni fundi wa redio, Mji wa Kale. Mke wangu ni mshoni. Siku zile umeme ukikatika ovyo, cherehani yake ya umeme ikisimama katikati ya mshono. Nikamwambia, "Tulia, mumeo yupo." Nikaanza kuunda kisanduku cha kuchukua volti kumi na mbili za betri ya gari na kuzipandisha mpaka mia mbili na arubaini. Mota ya cherehani ile haichagui aina ya umeme, mradi volti zifike. Nikajisifu kila baraza.

Ndani yake mna koili inayosukuma volti juu, na transista, ambayo ni kama mlango: hufunguka na kufungika maelfu ya mara kwa sekunde. Yangu ilikuwa ikichemka. Mke wangu akanusa, akasema, "Kinaungua hicho."

Nikamjibu, "Wewe shona."

Ndugu zangu, nawaambia, hata uzi haukwisha. Transista ikapasuka, cheche zikarukia nguo ya bi harusi wa watu, ikatoboka kifuani.

Hakunitukana. Alikunja ile nguo, akavaa buibui lake, akaenda kwao Tudor. Mlangoni akasema, "Sirudi mpaka nikishike kwa mkono wangu, kiwe baridi."

Na mimi, badala ya kumfuata, nikalaumu transista. Nikasema ni za bandia. Nikatia kubwa zaidi, nazo zikaungua. Nikafunga duka. Nilikula mkate mkavu kwa chai ya rangi, nikilia peke yangu. Msinicheke.

Mwishowe nikaenda kumtaka radhi. Kwa ile haraka nikausukuma mlango, nikaingia. Mama mkwe alikuwa kichwa wazi, anatia nywele mafuta! Mkwe mwenyewe ni mtu wa kuoneana haya. Akapiga ukelele: "Mwanangu, hodi hukupiga! Rudi nde, upige, ungoje uambiwe karibu!"

Nikarudi nje, nikapiga hodi, nikangoja. Nikasikia mitandio inatafutwa, vyombo vinaondolewa. Hapo, nimesimama na aibu yangu, akili ikanifunguka. Transista yangu nayo haipigi hodi! Naifungua volti zikiwa bado zimejaa pale mlangoni, mkondo wa umeme unaingia, vinakutana, ndio moto wenyewe. Waliniambia karibu mara tatu kabla sijasikia.

Nikaomba radhi, lakini sharti lilibaki lile lile. Nikamwendea mwalimu mmoja wa chuo, karibu na Buxton, mwenye mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo. Tukayaona makosa yangu kwa macho. Tukaongeza koili ndogo na kapasita, kile kidude cha kuhifadhi umeme, ili volti zishuke zenyewe mpaka sufuri, ndipo transista ifunguke. Wiki nyingi zilipita, na mwalimu hakunichoka.

Siku ya siku, mke wangu akaja na mamake. Nikachomoa waya wa ukutani, nikaunga betri. Akashona pindo zima la shuka. Kisha akaweka kiganja juu ya lile bati linalobeba transista.

"Si baridi," akasema. "Vuguvugu."

Nikaona yameniharibikia. Yeye akavua buibui, akalitundika msumarini pake. Wallahi nilikaa chini pale pale sakafuni.

Namshukuru mwalimu, namshukuru mama mkwe aliyenirudisha nje, na huyo aliyekaa safu ya nyuma, anayejifunika uso kwa kucheka. Niliyojifunza ni haya tu, mafundi wenzangu: siku hizi akiniambia kinaungua, mimi huzima kwanza, ndipo nikauliza.