Diski Ilale au Isilale: Risala ya Kikundi cha Sauti Zetu, Runzewe

Mgeni rasmi, Bwana Telesphori Mihayo, Afisa Maendeleo ya Jamii, viongozi mliofuatana naye, majirani zetu, na ninyi watoto mliokalia mkeka wa wakubwa.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi wanachama wa Kikundi cha Sauti Zetu tunakupokea kwa mikono miwili. Kwa umri wetu ilikupasa utupe shikamoo, nawe umetupa, bibi mmoja mmoja, mpaka mstari ukaisha. Marahaba, baba. Wabeja sana, yaani asante. Msomaji wa risala hii ni Epifania, mama Wilbard, wa darasa la saba la zamani. Miwani ni ya kuazima, hivyo nikisimama katikati ya neno msipige makofi, bado sijamaliza.

HISTORIA YA KIKUNDI

Tulianza miaka minne iliyopita, kwenye harusi moja hapa hapa Runzewe. Wimbo wa kumtoa bibi harusi ulipohitajika, vijana wakatafuta kwenye simu wakaukosa. Marehemu Bibi Apolonia, wakati huo ana miaka tisini na moja, akauimba yeye tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akatugeukia sisi mabinti wa miaka sitini na akauliza, "Mnangoja nife ndiyo mje kuniuliza?"

Tukaona aibu. Padre wetu alikuwa anahama, akatuachia kompyuta yake na maikrofoni. Betri na sola tulichangishana. Tukaanza kuimba na kurekodi.

MAFANIKIO

Mpaka leo tuna nyimbo na hadithi sitini na tatu, nyingi za Kisumbwa, na ishirini na sita kati ya hizo ni za Bibi Apolonia peke yake. Yeye alitutoka mwaka jana wakati wa masika. Binti yake, Martina, ni mwenzetu kikundini. Kila Jumanne anakuja kusikiliza wimbo mmoja tu, ule wa kubangua karanga. Katikati ya wimbo huo mama yake anakohoa, anasema, "Martina, funga mlango, kuku wanaingia," halafu anaendelea kuimba. Hadi leo Martina akisikia hapo anainuka, anafunga mlango, anarudi kuketi. Hatujawahi kumcheka.

Nyimbo hizo haziko mahali pengine popote. Ziko ndani ya kompyuta ile moja.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa ndipo palipotugawa.

Ndani ya kompyuta mna kitu kinaitwa diski. Fundi Frank wa Kalangalala alitueleza kwamba ni kisahani kinachozunguka, na sauti zote zimeandikwa juu yake. Usipoigusa kompyuta kwa dakika kumi, kisahani kinasimama, kinalala. Ukigusa kipanya kinaamka, kinanguruma kidogo, kinaanza tena.

Ulipotutembelea mwaka jana uliandika kwenye kitabu cha wageni kwa mkono wako: "Kifaa kisichotumika kipumzishwe." Ukatia sahihi. Nusu yetu, wakiongozwa na Bibi Asteria, wakasema neno la afisa ni amri, diski ilale. Tena Asteria akaongeza kwamba humo ndani amelala Apolonia aliyetuzidi sote umri, basi haamshwi hivi hivi. Ikawa kabla ya kugusa kipanya ni lazima upige goti na useme shikamoo. Wenye magoti mabovu wakaacha kusikiliza nyimbo.

Nusu ya pili wakaenda kwa Donatus mwenye mashine ya kusaga, maana kwa mashine zote hapa kwetu yeye ndiye mjuzi. Donatus akawaambia mashine haizimwi kati ya mteja na mteja, kwa sababu kinachoiumiza ni kule kuwashwa. Wakaona hilo ndilo neno. Wakapanga zamu za mchana kutwa, bibi mmoja anakaa na kutikisa kipanya kila dakika tano ili diski isipate usingizi. Bibi Rebeka alikuwa anaitegea vitendawili ili yeye mwenyewe asisinzie. Alisinzia. Akaamka, kompyuta imezimika, betri imekauka, na Asteria amesimama mlangoni anamwangalia.

Kwa siku kumi na tisa pande hizi mbili hazikuazimana chumvi.

Hapa mwenyekiti alitaka nikate kitu kimoja, lakini nimekibakiza. Mgeni rasmi, kitendawili. (Itikia, baba.) Nina mgeni nyumbani, akilala hafumbi macho, akiamka hatoki nje, safari yake yote anazunguka palepale. Ukishindwa utupe mji. Tusikusumbue na miji ya mbali kama Shinyanga, tutachukua Runzewe tunapokaa.

Tuendelee. Juma lililopita diski ilianza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu aliye nje ya mlango. Tukampigia Frank, akaja leo asubuhi na mapema. Alikuta bibi mmoja amepiga goti na mwingine anatikisa kipanya. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza alitueleza kwamba kompyuta inaweza kuambiwa mara moja tu lini ilale na lini isilale, bila zamu na bila goti. Kulala na kuamka kila dakika kumi kunaichosha. Kuzunguka kutwa bila kazi nako kunaipa joto na kumaliza betri. Basi tukamwuliza, ilale au isilale?

Akatega sikio kwenye kompyuta. Akasema, "Bibi zangu, mmegombania usingizi wa mgonjwa. Hii inakufa, ilale isilale. Nakilini sauti sasa hivi, kesho inaweza isiamke."

Mgeni rasmi, pale Asteria na Rebeka walijikuta wameshikana mikono.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba chini ya maandishi yako kwenye kitabu uongeze maneno mawili, "isipokuwa diski." Asteria hawezi kukuasi bila ruhusa yako, na diski mpya, ambayo nitaifikia, ikianza kazi tumekubaliana izunguke mchana tunapoitumia, ilale saa moja baada ya sisi kuondoka.

Pili, tunaomba hotuba yako iwe fupi. Tunapenda sana kukusikia. Lakini spika mliyokuja nayo imechomekwa kwenye betri yetu, na betri hiyo ndiyo inayoendesha kompyuta, na kompyuta tangu saa tatu asubuhi inanakili. Frank amesema ikizimika safari hii huenda isiwake tena. Kama inawezekana, baada ya risala hii spika izimwe, utuhutubie kwa mdomo tu. Tutasogea karibu.

Tatu, na hili ni la msamaha. Dereva wako alifika juzi na zawadi ya ofisi yako, diski mpya ya kuhifadhia sauti, ndani ya boksi lenye utepe mwekundu. Alisema tulitunze, wewe mwenyewe utatukabidhi leo mbele ya watu. Tulilitunza mpaka Frank aliposema neno lile. Boksi tulilifungua sisi, wote kwa pamoja, asitafutwe mmoja. Diski tumeitoa, imechomekwa kule ndani, ndiyo inayopokea sauti hivi sasa. Utepe tumeufunga tena kama ulivyokuwa, na boksi ndilo lile pale mezani mbele yako. Ni tupu. Tunaomba wakati wa kukabidhi ulinyanyue kwa mikono miwili kama lina uzito, na mwenyekiti wetu atapiga goti na kulipokea kama lina uzito. Vigelegele tutakavyopiga vitakuwa vya kweli.

HITIMISHO

Nyimbo thelathini na nane zimeshavuka. Za Apolonia ndizo zinazovuka sasa, na ule wa karanga bado. Mungu akuzidishie siku, azilinde safari zako, na wajukuu zako waimbe unazoimba wewe.

Ni sisi, Kikundi cha Sauti Zetu, Runzewe. Ishirini na mmoja tumesimama hapa mbele yako. Martina umsamehe kwa kutokuja kukusalimia. Yuko ndani, ameketi mbele ya kompyuta, na ametuomba tusimwite mpaka asikie mama yake akikohoa kwenye diski mpya.