Settimia Vallorani, Mguu wa Nyumba ya Sgattoni

Marehemu Settimia Vallorani, mke wa Nazzareno Sgattoni, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 1947, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kanisa, hapa hapa Montegranaro. Alikuwa mtoto wa saba wa marehemu Elpidio Vallorani, fundi viatu, na marehemu Assunta, na jina lake lilitokana na hesabu hiyo. Wa nane ni mimi Zelinda, ninayesoma. Nimepewa kazi hii kwa sababu shemeji hawezi, na Loredana, binti yao, amesema hataki. Mimi tangu Jumanne sijatoa chozi, kwa hiyo walisema sauti yangu haitakatika.

Nyumbani kwetu jiko ndilo lililokuwa kiwanda. Baba alikata soli upande wa dirisha, mama na dada zetu walizunguka meza wakishona ngozi za juu za viatu, na chakula kikiiva gundi ilisogezwa kando ili sahani zipate nafasi. Settimia alisoma shule ya msingi ya mji hadi darasa la tano, akamaliza mwaka 1958 akiwa na alama nzuri. Mwalimu wake alikuja nyumbani kumwomba baba amwache binti aendelee na masomo kwa masista wa Fermo. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akamgongea mwalimu kisigino cha kiatu kilicholegea, akakataa malipo, na Jumatatu iliyofuata Settimia alikaa mezani na sindano. Hakuwahi kulilalamikia jambo hilo. Alinyanyua bega moja tu, kama alivyofanya maisha yake yote.

Mwaka 1966 Nazzareno Sgattoni, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alifungua karakana katika gereji ya mjomba wake. Walikuwa watu watatu, na Settimia ndiye aliyeshona. Katika kazi yetu kiatu cha kwanza cha kila mtindo hutengenezwa namba thelathini na saba, kisha lazima mtu akivae, atembee nacho, aseme ukweli. Siku moja Nazzareno alitokeza na kiatu mkononi.

“Nani hapa ana thelathini na saba?”

“Mimi,” akasema Settimia, “lakini soksi yangu imetoboka.”

“Sinunui soksi. Lete mguu.”

Alikivaa, akaenda hadi mlangoni, akarudi.

“Kinabana kidole kidogo, na huku nyuma kinapwaya. Umemtengenezea nani hiki, bata?”

Nazzareno alirudi ndani, akakifumua chote. Tangu hapo hakuna kiatu cha Sgattoni kilichotoka mlangoni bila kupita kwenye mguu wa kulia wa dada yangu.

Walifunga ndoa Jumapili tarehe 27 Aprili 1969. Watu walisema Nazzareno ameoa ili asilipe mshahara wa mguu. Viatu vyeupe vya harusi alivitengeneza bwana harusi mwenyewe, na mlangoni pa kanisa, padri akiwa amesimama na kitabu, bibi harusi alitangaza kwamba cha kulia kinamuumiza. Nazzareno aliketi kwenye ngazi na suti yake mpya, akakilegeza kiatu kwa mpini wa kisu cha mfukoni. Padri alingoja. Vincisgrassi, tambi za tabaka za huku kwetu, alizooka mama, trei kwa trei, zilipoa zote, na wageni walizila hivyo hivyo. Mwaka 1972 Mungu aliwajalia mtoto wao wa pekee, Loredana.

Ndoa ilikua, na kampuni ikakua kuliko ndoa. Mwaka 1974 walihama gereji wakajenga kiwanda bondeni. Mwaka 1983 walifungua duka la kwanza Milano, katika mtaa ambao watu hawaulizi bei. Mwaka 1990 wakafika Tokyo, baadaye New York, baadaye Dubai. Mabenki yaliyokuwa yakimkalisha Nazzareno kwenye viti vya nje yalianza kumfuata nyumbani na chupa za divai. Kiatu kimoja kilifika bei ya jokofu, na Settimia aliposikia alisema, “Jokofu angalau lina taa ndani.” Kalibu ya mbao, ile ambayo ngozi huvutwa juu yake, iliyochongwa kwa kipimo cha mguu wake ndiyo iliyozaa kalibu zote, kwa hiyo katika miji ambayo hakuwahi kukanyaga wanawake walitembea ndani ya umbo la mguu wake.

Alikaa kwenye kiti mwisho wa korido ya kiwanda, karibu na dirisha, na mafundi waliobuni mitindo, hata wale waliosoma Paris, walisimama mbele yake kungoja aseme. Hakuwa kwenye orodha ya wafanyakazi wala ya wakurugenzi. Mwandishi mmoja wa gazeti la Milano aliwahi kumuuliza cheo chake. “Mimi ni thelathini na saba,” alimjibu, na yule bwana akadhani anatajiwa umri akacheka kwa adabu.

Mwaka 2011 aligunduliwa kuwa na kisukari. Alimeza vidonge vyake, na keki alizila pia. Ganzi iliingia miguuni taratibu, kwanza vidoleni, halafu unyayo wote, na hakumwambia mtu. Sote tulimwona akivaa, akitembea, akitoa hukumu yake kama kawaida.

Mwaka jana, majira ya machipuko, masanduku yalianza kurudi kutoka Tokyo. Wateja walisema viatu vinawakata miguu. Loredana, ambaye ndiye anayeendesha kampuni sasa, alilaumu ngozi, halafu gundi, halafu mashine mpya. Nazzareno alimlaumu Loredana. Chakula cha Jumapili kikawa kikao cha baraza, na Settimia akiwapakulia wote wawili.

Septemba hiyo alivaa kiatu cha kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Milano, akatembea korido nzima, akarudi. Nilikuwepo.

“Hiki kiko sawa. Kipelekeni.”

Nyuma yake sakafu ilikuwa na alama nyekundu, moja kwa kila hatua ya mguu wa kulia. Nazzareno alipiga magoti, akamvua. Ndani mlikuwa na kisumari cha kushikizia ngozi kwenye kalibu, ambacho fundi alisahau kukichomoa. Kilikuwa kimezama unyayoni hadi kichwa, na yeye alikuwa bado anatusifia kisigino.

“Tangu lini husikii, Settimia?”

“Tangu mwaka juzi.”

“Na vile vya Tokyo? Ulijuaje kama vinakaa?”

“Nilikuwa nakutazama wewe. Ukiwa na wasiwasi nasema kinabana. Ukiwa na furaha nasema kiko sawa.”

“Vile vya Tokyo nilivipenda mno.”

“Ndiyo,” alisema. “Nilikuona.”

Hakuna aliyemgombeza. Pengine ingekuwa afadhali. Daktari aliagiza mguu uinuliwe na usivalishwe kiatu cha aina yoyote, na kiwandani akaletwa msichana wa Ancona aitwaye Giada, mpole, mwanafunzi, mguu thelathini na saba kamili. Alikalishwa kwenye kiti cha dirishani kwa sababu hakikuwepo kingine. Settimia alimwona siku alipopita kuchukua shali yake. Walisalimiana. Giada alitaka kusimama ampishe, dada akamwambia, “Kaa, binti, kaa. Ukisimama utavimba.”

Kidonda hakikufunga. Desemba madaktari walitaka kukata vidole viwili. Settimia alisema wangoje hadi maonyesho ya Februari yapite, na tulijua wazi anachokiogopa. Aliogopa kuwa mtu wa bure katika nyumba iliyosimama juu ya mguu wake.

“Mama, ni vidole viwili tu,” Loredana alimwambia.

“Wakikata hata kimoja, si thelathini na saba tena.”

“Lakini Giada yupo.”

Loredana alisema hivyo ili kumpunguzia mzigo. Najua. Hata hivyo Nazzareno aliweka uma chini.

“Kwani mimi nilioa mguu?”

“Ulianza na mguu, Reno.”

Shemeji ni mtu wa mikono. Maneno hayamjii haraka, na usiku ule hayakuja. Tulibembeleza, tulimletea padri, tulimletea daktari wa pili. Yeye akanyanyua bega. Nina hasira na kila mtu aliyekaa pale mezani, hata na yeye, na hasira yenyewe ipo mbali, siifikii.

Maonyesho yalifanyika. Loredana alirudi na habari kwamba oda zimepita za miaka yote iliyotangulia, na mitindo yote ilikuwa imejaribiwa na Giada. Alimwambia mama yake akiwa bado na koti mwilini. Settimia alisema, “Afadhali,” na kesho yake, Alhamisi tarehe 22 Februari, alikubali kulazwa. Lakini vidole viwili havikutosha tena. Ijumaa walimkata mguu wa kulia chini ya goti, na sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Wiki zake za mwisho alikuwa na akili timamu. Nazzareno alikaa naye mchana, akiushika mguu uliobaki, wa kushoto, ambao nao ulikuwa umevimba. Siku moja alitoa mfukoni ukanda wa karatasi, akauzungusha mguuni kupima.

“Unafanya nini, mzee?”

“Nakutengenezea kiatu.”

“Kimoja? Utamuuzia nani?”

“Hakiuzwi.”

Alikwenda kiwandani akakaa kwenye benchi la kazi, yeye ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akishika kalamu tu. Hakuichukua kalibu yake ya zamani. Alichonga nyingine, mbaya, pana, yenye uvimbe wote pale pale ulipokuwa mguuni, na akavuta juu yake ngozi laini ya mwanambuzi. Jumapili tarehe 10 Machi alikileta kikiwa kimefungwa kwenye taulo. Alipiga magoti kando ya kitanda akamvisha. Kiliingia bila kulazimishwa. Settimia alikigeuza akatafuta namba chini ya soli. Ilikuwa arobaini.

“Kinakaaje?” Nazzareno alimuuliza.

Dada hakumtazama usoni. Alikitazama kiatu muda mrefu.

“Sijui, Reno. Sisikii kitu.”

“Haya,” akasema shemeji, akabaki palepale magotini, ameshika kisigino.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 12 Machi 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Kiatu hicho amekivaa. Wanaume wa mazishi waliuliza kama kingine kimesahaulika nyumbani, na Loredana aliwajibu kwamba hakijasahaulika.

Ameacha mume, Nazzareno Sgattoni, binti, Loredana, wajukuu wawili, Ruggero na Ilde, na ndugu yake mmoja aliyebaki, mimi Zelinda. Wafanyakazi wa Sgattoni, ambao leo wamefunga kiwanda kwa mara ya kwanza siku ya kazi, wako hapa. Giada naye amekuja, amesimama nyuma kabisa, na ningependa mtu ampe kiti.

Mungu ampokee alivyo. Apumzike.