Bwana Alivyonitoa Hofuni, Kati ya Mume Wangu na Wifi Yangu

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na ninyi mliobanana kule nyuma mlangoni! Asifiwe hata na wale waliochelewa!

Mimi ni Lakot, wengi mnaniita Mama Lamaro. Ndimi yule ninayeuza mukene pale soko la Kalerwe, dagaa wetu wa ziwani, na kama leo mnasikia harufu yao kwenye gauni langu hili la gomesi, mnivumilie. Kiswahili changu ni cha kambini. Baba yangu alikuwa polisi, nikaolewa na polisi, kwa hiyo kikivunjika ninyi okoteni vipande tuendelee. Sikuja kuhubiri. Nimekuja kusema jinsi Bwana alivyonitoa kwenye hofu iliyokaribia kunimaliza.

Ndugu zangu, niwaeleze kwanza nyumba yangu. Mume wangu ni Ochola, sajini mstaafu. Amestaafu kazi, kutoa amri hajastaafu. Ana dada yake mmoja, Aisha. Baba yao alikuwa mtu wa kaskazini na mama yao Mnubi, basi katika familia ile wengine wanaswali Ijumaa, wengine tuko hapa Jumapili, na Idi na Krismasi tunakula sahani moja. Aisha anauza sufuria na majiko anayoyatoa kwa mafundi wa Katwe. Kibanda chake kinatazamana na changu. Nilipojifungua Lamaro, mume wangu alikuwa amepangiwa kazi mbali sana, na mikono iliyompokea mtoto ilikuwa ya Aisha. Huyo kwangu ni zaidi ya wifi.

Korona ilipokuja, sote tulichanja zile mbili za mwanzo. Aisha ile ya pili ilimsumbua. Alipata homa, mkono ukawa mzito, akalala ndani kwa muda, kisha akapona. Yakaisha. Halafu tukaanza kusikia kirusi kimebadilika, kuna aina mpya, na baada ya hiyo nyingine, na kwamba sasa inatakiwa chanjo ya nyongeza, busta. Mume wangu alitoka siku hiyo hiyo akachanja, akarudi anatembea kama aliyepandishwa cheo. Aisha akasema yeye basi.

"Kaka, juzi mlisema mbili zinatosha," alimwambia. "Leo ni tatu. Kesho kirusi kitabadilisha jina, mtaniita tena. Mwisho wake uko wapi? Mkono huu ni wangu."

"Na hewa unayotutolea hapa sebuleni ni ya nani?" mume wangu akamjibu.

Ndugu zangu, hapo ndipo vita vilipoanza!

Na mimi nilikuwa wapi? Katikati! Mimi nina sukari. Kliniki walikuwa wameniambia kwamba mtu wa sukari korona ikimpata inaweza kumwelemea, nifikirie ile busta. Lakini asubuhi nikinywa chai, mume wangu ananifungulia redio nisikie wanaougua. Nikifika sokoni, Aisha amenitumia sauti kwenye simu, mtu nisiyemjua anasema ukichanja busta damu inaganda. Mume wangu akiniuliza, "Mama Lamaro, tunaenda lini?" namwambia, "Wiki ijayo." Aisha akiniuliza, "Wifi, si umekataa?" namwambia, "Bado nipo nipo." Nilikuwa natafuta amani, nikapata hofu pande zote mbili. Niliogopa sindano, nikaogopa kukosa sindano! Mtu akikohoa kwenye foleni ya maji, moyo wangu unaruka. Chakula kikawa hakipiti. Sukari ikapanda. Kwaya nikaacha, mnakumbuka mliniulizia, nikawaambia koo linauma. Halikuwa koo. Nilikuwa nimekauka ndani.

Sasa katikati ya hayo, Bwana akatuletea furaha. Lamaro wetu akapata mchumba, Kizito, kijana wa Kiganda, mpole, anacheka hadi macho yanapotea. Watu wake wakaomba siku ya kuja kujitambulisha nyumbani. Na mnajua siku ile shangazi wa binti ndiye mwenye kazi. Ndiye anayekwenda kwa wageni, akamtafuta bwana harusi katikati ya wanaume wote, akamtoa mbele ya watu. Lamaro ana shangazi mmoja tu duniani.

Tukaketi kikao cha familia. Mume wangu akasimama, akavuta shati, akasema, "Asiyechanja busta haketi kwenye hema langu. Sina upendeleo."

Watu wote wakageuka kumtazama Aisha. Alivaa viatu vyake taratibu. Akasema, "Basi, kaka, mtafutie mtoto shangazi mwingine." Akatoka.

Lamaro alilia! Nami nilibaki nimekaa pale kwenye mkeka, mdomo umefungwa, kwa sababu niliona nikisema neno moja nitampoteza mume, na nikisema jingine nitampoteza wifi. Aisha akadhani kunyamaza kwangu ni kuwa upande wa kaka yake. Sokoni tukawa tunatazamana siku nzima bila salamu. Wanawake wa Kalerwe nao wakagawanyika, wa nyanya upande huu, wa maharage upande ule, kila mmoja daktari!

Ndugu zangu, siku ya wageni ilikuwa imekaribia kabisa niliponyanyuka asubuhi nikiwa na mafua. Nikajiambia ni vumbi la mukene. Nikaenda kazini. Jua lilikuwa halijawa kali, nikainama kumpimia mteja, nikajaribu kuvuta hewa, ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma. Nikaanguka juu ya mukene wangu kifudifudi.

Nilichosikia ni kishindo cha sufuria zikianguka. Ilikuwa Aisha! Aliruka biashara yake yote, akapita juu yake, akanifikia wa kwanza. Yule ambaye hatukuwa tunasalimiana naye! Akanifunga kwake kwa kitenge juu ya bodaboda kama mtoto mgongoni, huku anaita, "Wifi, pumua! Usinifanyie hivi! Pumua!" Alikuwa anamwomba Mungu kwa namna yake, na mimi ndani ya moyo nikasema amina.

Hospitalini wakanipima: korona. Wakaniwekea oksijeni. Aisha wakampa barakoa, wakamwambia aende nyumbani, akawaambia wamtoe kwa winchi. Mume wangu akafika anakimbia na mabuti yake ya zamani, naye akavalishwa barakoa, akaingia. Mmoja akasimama kulia kwa kitanda, mmoja kushoto. Nilifikiri sasa watanyamaza. Wapi!

"Nilisema!" mume wangu akaanza. "Sikusema mimi?"

"Ulisema nini? Ulikemea! Mtu ameugua kwa presha zako!"

Nami niko chini yao, nimefunikwa pua na mdomo, siwezi kutoa hata neno. Hapo ndipo niliomba. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, "Bwana, hawa wawili wananipenda. Usiniache nife katikati yao."

Na nikapata nguvu! Sijui zilitoka wapi, mwili ulikuwa kama nguo iliyolowa. Niliushika mkono wa mume wangu nikauweka hapa kifuani. Nikaushika wa Aisha nikauweka juu yake. Nikaibana mikono yote miwili pale, wasikie kifua kinavyohangaika kutafuta hewa. Wakasikia. Wakanyamaza. Haleluya! Wakanyamaza!

Kisha nikamwona Sajini Ochola analia. Kanisa, sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba yake. Akamwambia dada yake, "Lile wimbi la pili nilikuwa bado kazini. Tulikuwa tunalinda maziko. Nilisimama wakati Opio anazikwa, rafiki yangu tuliyeingia naye polisi. Wanaozika wamevaa yale manguo meupe, sisi tumeambiwa tusisogee. Mke wake analia ndani ya gari, haruhusiwi kushuka. Aisha, kila nikikutazama naona wanakushusha wewe kaburini."

Aisha akamkodolea macho. "Kaka, mbona hukuniambia? Mimi umeniletea amri. Mimi si kuruta wako."

"Nilishindwa."

Aisha naye akasema la kwake. "Ile chanjo ya pili iliponiangusha, nilikupigia simu. Uliniambia ni kawaida, vumilia. Kweli ilikuwa kawaida, nilipona. Lakini nililala peke yangu, kaka. Hakuna aliyeniletea hata uji."

Mume wangu aliinamisha kichwa akasema, "Nisamehe, dada yangu." Wakaendelea kushikana mikono juu ya kifua changu mpaka nikaona wanazidi kunielemea, nikawagonga waondoke! Bwana ni mwema!

Nilipoanza kupata nafuu akaja daktari wa wodi, binti mdogo mdogo, akavuta kiti. Hakusimama. Akaniuliza, "Mama, wewe mwenyewe unataka kujua nini?" Ndugu zangu, swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza! Wote walikuwa wananiambia. Nikamwaga yote. Je, busta itanidhuru na sukari yangu? Damu itaganda? Mbona nilichanja mbili na bado nimeugua? Mbona kirusi hakiachi kubadilika?

Alinijibu bila kunicheka. Akasema kirusi kinabadilika kadiri kinavyopita kwa watu, na kinga mwilini inapungua na muda, ndiyo maana wanaongeza. Akasema chanjo haimkingi mtu asiugue kabisa, ila inapunguza sana ugonjwa mkali na kifo, na huenda zile mbili zimenisaidia nisifike pabaya zaidi. Homa na maumivu ya mkono hutokea kwa wengi na hupita. Madhara makubwa yapo lakini ni nadra sana, na kwa mtu wa sukari kama mimi hatari ya ugonjwa ni kubwa kuliko ya chanjo. "Ushauri wangu ni uchanje, ukishapona vizuri," akaniambia. "Lakini kuamua ni kwako." Nikajisikia kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Nilicheka nikiwa na mpira puani!

Nikapona. Nikarudi nyumbani kwa miguu yangu! Tukawaomba watu wa Kizito wasogeze siku, wakakubali kwa moyo mmoja.

Kanisa, mngeiona siku ile! Hema tulilifunga bila mapazia ya pembeni, upepo unapita. Viti viliachana. Mume wangu hakumwuliza mtu kuhusu busta. Alisimama getini na maboksi ya barakoa, anawasihi wageni kwa adabu, na ilikuwa vichekesho kumwona akisihi. Aisha mwenyewe, bila kuambiwa, alikuwa amekwenda kupimwa, hana kirusi. Akaja na gomesi ya kijani na mtandio wake wa dhahabu. Mume wangu akapiga mguu chini, akampigia saluti, akaita, "Shangazi mkuu, pita!"

Naye akapita kwa gwaride! Watu walianguka kwa kicheko! Akaingia kwenye safu za wageni kumtafuta bwana harusi. Akafika kwa Kizito, akamtazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa, akampita. Kizito akatoka jasho. Akazunguka, akarudi, akampita tena! Wakwe wanapiga makofi, wazee wanajifuta machozi. Alipomshika mkono hatimaye, mimi nilipiga vigelegele mpaka nikajishangaa. Nikaimba siku ile kuanzia mchana hadi wageni walipoaga. Hewa ikaingia, ikatoka, ikaingia!

Na busta? Nitawaambia. Muda ambao daktari alinipa ulipotimia, nilikwenda. Sikuvutwa na mtu. Mume wangu alitaka kuingia nami mpaka ndani, Aisha aliyetusindikiza akamwambia, "Kaka, wewe baki hapa nje ulinde pikipiki yako." Akabaki! Muuguzi akaniita mama kwa Kiganda, "Nyabo, uko tayari?" Nikasema niko tayari, na nilikuwa tayari kweli, moyo umetulia kama mtoto aliyenyonya. Mkono uliuma, nikalala mapema, kulipokucha nikaenda kuuza mukene.

Siku ile ile, nilipokuwa napumzika pale baada ya sindano, Aisha alivuta kiti karibu na yule muuguzi, akaanza kuuliza maswali yake. Aliuliza mpaka foleni ikaguna. Aliamua nini? Sitawaambia. Huo ni ushuhuda wake. Mkitaka kuusikia, nendeni Kalerwe mkanunue sufuria.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa oksijeni, kwa daktari, kwa kitenge cha wifi yangu, kwa machozi ya mume wangu. Mpo hapa ambao kwenu hamsalimiani kwa sababu ya chanjo. Rudini leo, msianze na hoja. Anzeni na, "Unaogopa nini, ndugu yangu?" Kisha msikilize.

Na wewe unayeogopa kama nilivyoogopa mimi, mtumaini Bwana! Hakuniambia nizibe masikio ndipo nimwamini. Alinipa ujasiri wa kuuliza na utulivu wa kuamua. Kesho asubuhi naenda kituo cha afya kupima sukari. Kama unaona huwezi kwenda peke yako, nikute kwenye geti la kituo. Tutakaa benchi moja, utauliza yako yote, nami nitakusubiri hadi umalize. Njoo tu. Yesu yupo hata kwenye foleni!